Jiwe la Hilton na Mkono Uliofuta

Picha za jiwe la Hilton of Cadboll zinazochapishwa katika vitabu vya sanaa ya Uskoti hufanana. Aghalabu huonyesha upande mmoja tu: mwanamke amepanda farasi, ameketi ubavu, uso wake umemwelekea mtazamaji, na kumzunguka wamo wapanda farasi, mbwa na kulungu katika mbio za mawindo. Upande wa pili huachwa, au hutajwa katika mstari mmoja wenye masikitiko. Huko nyuma hapana mwanamke wala farasi. Kuna maandishi ya mwaka 1676 yanayomtaja mtu mmoja, Alexander Duff, pamoja na wake zake watatu. Na ili maandishi hayo yapate nafasi, msalaba uliokuwa umechongwa hapo kiasi cha miaka 900 kabla yake ulikwanguliwa wote.

Tahakiki nyingi za jiwe hili zimejengwa juu ya masikitiko hayo. Kwa mujibu wake, jiwe lilikuwa kazi kamilifu iliyofikwa na msiba, na mwashi wa 1676 ndiye aliyeuleta. Rai hii ina nguvu yake, kwani kilichopotea si kidogo. Hata hivyo, ni rai iliyotolewa kabla ya ushahidi kutimia. Tangu ardhi ilipochimbwa mwaka 1998 na tena mwaka 2001, pale jiwe lilipokuwa limesimama, kesi imegeuka. Mwashi aliyelaumiwa miaka yote anaonekana sasa kuwa ndiye, bila ya kukusudia, aliyeuacha msalaba nyumbani kwake. Na waliolipenda jiwe kwa uzuri wake ndio waliolitenga na ardhi yake. Mhakiki anayelisoma jiwe hili leo hana budi kuzisoma pande zote mbili, na zaidi ya hapo, kuisoma hata ile taka ya kazi iliyobaki chini.

Hilton of Cadboll ni kijiji cha wavuvi katika rasi ya Tarbat, eneo la Easter Ross, kaskazini-mashariki ya Uskoti. Kandokando ya bahari, nje kidogo ya kijiji, pana masalio ya kanisa dogo la zama za kati lililonasibishwa na Bikira Maria. Hapo ndipo jiwe liliposimama. Halikuwa peke yake. Katika rasi hiyohiyo kuna mawe mengine makubwa ya aina yake, la Nigg na la Shandwick. Na huko Portmahomack, ncha ya rasi, uchimbaji ulioongozwa na Martin Carver baina ya 1994 na 2007 ulifichua makao ya watawa wa Kikristo yaliyokuwa na mafundi wake wa ngozi, madini na mawe. Kwa hiyo aliyelichonga jiwe la Hilton, takriban mwaka 800, hakuwa fundi aliyejitokea nyikani. Alitoka katika mazingira yenye mafundi, yenye kanuni za sanaa, na yenye watu waliojua kuitazama kazi na kuihukumu.

Watu hao huitwa Wapikti. Jina hilo linaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Kilatini ya mwaka 297, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni ‘waliopakwa rangi’, yaani ni jina walilopewa na maadui zao. Hawakuacha diwani wala hadithi katika lugha yao wenyewe. Walichoacha kwa wingi ni mawe, zaidi ya 200, yenye alama zinazojirudia: hilali iliyopitiwa na fimbo iliyovunjika mfano wa herufi V, visahani viwili vilivyounganishwa na kupitiwa na fimbo mfano wa Z, kioo na kitana, samaki, nyoka, tai, na mnyama mmoja wa ajabu asiyefanana na yeyote wa duniani. Alama hizi hupangwa mbilimbili, kwa nidhamu, na wataalamu wengi huziona kuwa ni namna ya kutajia majina ya watu. J. Romilly Allen na Joseph Anderson waliziorodhesha katika kitabu chao kikubwa cha 1903, na mgawanyo wao bado unatumika: mawe ya asili yenye alama peke yake, mawe yaliyosawazishwa yenye alama pamoja na msalaba, na mawe yenye msalaba bila ya alama. Jiwe la Hilton ni la kundi la pili. Lilikuwa na msalaba upande mmoja, na alama upande mwingine.

Upande uliosalia unastahili sifa zote uliopata. Ni bamba la jiwe la mchanga lenye kimo cha zaidi ya mita 2 na upana wa mita 1.4 hivi, hata bila ya sehemu yake ya chini iliyovunjika. Pembezoni unapanda mzabibu uliosokotana na wanyama na ndege, na ndani ya pambizo hiyo uso wa jiwe umegawanywa katika mapande, kila pande na kazi yake. Juu zimo alama. Chini kuna mizunguko inayojipinda na kurudi, iliyochongwa kwa umakini wa sonara. Katikati ndipo yalipo mawindo. Wapiga baragumu wawili wamesimama kando na mapembe yao marefu. Wapanda farasi wawili wenye ngao na mikuki wako mbioni, mbwa wamemkaribia kulungu. Na juu ya msafara huo wote yupo yule mwanamke.

Mchongaji amempa mwanamke huyu kila kitu ambacho hakuwapa wengine. Wanaume wote wanaonekana ubavuni, kila mmoja akitazama anakokwenda; yeye peke yake anamtazama mtu aliyesimama mbele ya jiwe. Kifuani ana bizimu kubwa la duara. Kando yake pamechongwa kioo na kitana. Nyuma ya farasi wake kuna farasi mwingine na mpandaji wake, lakini huyo amefichwa karibu wote, kama kivuli. Wapo wanaosema kwamba huyu ni bibi mwenye cheo, na jiwe ni ukumbusho wake. Wapo wanaosema kwamba mawindo haya ni fumbo la dini, na kulungu ni roho ifuatwayo na wokovu. Tafsiri hizi mbili hazilazimiki kugombana. Mwenye kuzoea ushairi wa mafumbo anajua kwamba neno moja huweza kumsifu mtu na kumtukuza Mungu kwa pumzi ileile, na kwamba mtunzi hodari ndiye anayeziacha njia zote mbili wazi.

Upande wa pili ulikuwa na msalaba mpaka karne ya 17. Mapokeo yanasema kwamba dhoruba ya mwaka 1674 ndiyo iliyoliangusha jiwe. Lilivunjika karibu na chini, kipande cha kuzikia kikabaki ardhini, na bamba kubwa likalala. Miaka miwili baadaye mwashi akalifanyia kazi. Akauondoa msalaba kwa tindo mpaka uso ukawa tambarare, na juu ya uso huo akachonga maandishi kwa Kiingereza cha Kiskoti. Yanaanza kwa hikima inayonasibishwa na Suleiman, kwamba aishiye vyema hufa vyema. Kisha yanasema kwamba hapa amelala Alexander Duff na wake zake watatu.

Maandishi haya hayajawahi kupewa hadhi ya kusomwa kama maandishi. Wanaoyataja huyataja kama ushahidi wa kosa. Yakisomwa kwa utulivu, yana mengi ya kusema. Ile hikima ya mwanzo imejengwa kwa mizani: vitenzi viwili, kuishi na kufa, vimefungwa kwa neno moja linalorudiwa, kama vile nusu mbili za mshororo zinavyofungwa kwa kina kimoja. Mwashi alikuwa na sikio. Alijua kwamba jiwe la kaburi husomwa na mpita njia, na kwamba mpita njia hubeba kile tu kinachobebeka. Kisha, baada ya mizani hiyo ya mwanzo, sentensi ya pili inaporomoka katika hesabu. Duff ana jina. Wake zake, katika sentensi hiyo, wana idadi.

Hapa ndipo pande mbili za jiwe zinapoanza kuzungumza, na hapa ndipo anayeutazama upande mmoja tu anapopoteza jambo kubwa. Upande wa mbele mwanamke mmoja amewekwa katikati ya dunia, wanaume wakimzunguka, na uso wake haukwepi macho ya mtu. Upande wa nyuma wanawake watatu wamewekwa baada ya mwanamume mmoja, kwa tarakimu. Mchongaji wa kwanza hakuandika jina la bibi yake kwa herufi, lakini alimpa uso, pambo na mahali. Mwashi wa pili alikuwa na herufi zote za kuandikia, na hakuwapa wale watatu zaidi ya nafasi ya kulala. Baina ya mikono hiyo miwili ipo historia nzima ya namna watu wa pwani ile walivyobadilika katika kuwakumbuka wafu wao. Jiwe moja limeibeba historia hiyo mgongoni na kifuani. Hapana kitabu kinachoieleza kwa ufupi zaidi.

Aliyeupa umma hukumu kali juu ya mwashi huyo alikuwa mwashi mwenziwe. Hugh Miller, aliyezaliwa mwaka 1802 huko Cromarty, ng’ambo ya hori kutoka rasi hiyo, alianza maisha kwa kupasua na kuchonga mawe kabla ya kuwa mwandishi na mwanajiolojia mwenye sifa. Katika kitabu chake cha 1835 kuhusu visa na mapokeo ya kaskazini ya Uskoti alilieleza jiwe la Hilton, na yule aliyeligeuza kuwa jiwe la kaburi alimhesabu kuwa ni mshenzi. Ghadhabu ya Miller inaeleweka: fundi humchukia fundi anayeharibu. Lakini Miller aliitazama kazi iliyokwisha. Hakuona kilichokuwa kimelala ardhini.

Baada ya hapo jiwe likaanza safari zake. Katika karne ya 19 mwenye ardhi ya Cadboll alilihamisha kutoka kwenye kanisa dogo akalipeleka katika bustani ya kasri lake huko Invergordon, likawa pambo. Mwaka 1921 familia hiyo ikalitoa zawadi kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, na jiwe likapelekwa London. Waskoti wakapiga kelele, na mwaka huohuo likarudishwa, lakini halikurudishwa Hilton. Likawekwa Edinburgh, katika makumbusho ya taifa, na huko ndiko liliko hadi leo, moja katika vito vya Makumbusho ya Taifa ya Uskoti.

Kila aliyelihamisha alikuwa na sababu njema ya kulihamisha. Kabaila alitaka kulienzi. Mfadhili alitaka lionwe na dunia. Waskoti walitaka lisiwe la London. Wahifadhi walitaka lisiliwe na mvua na chumvi ya bahari. Hapana hata mmoja aliyelitaka liharibike. Hata hivyo, matokeo ya mapenzi hayo yote ni kwamba kijiji kilibaki na kiwanja kitupu. Watu wa vijiji vile walikuwa na sababu ya kulihisi jambo hili kwa uchungu wa namna ya peke yake. Katika karne ya 18 na ya 19 wenye ardhi wa Nyanda za Juu za Uskoti waliwahamisha wakulima wao ili kuwapisha kondoo, na baadhi ya waliohamishwa wakashukia pwani hiyo na kuanza maisha ya uvuvi. Siân Jones, aliyeishi na kuzungumza na wanakijiji wa Hilton baada ya uchimbaji wa 2001, ameeleza jinsi jiwe lililoondoshwa na bwana mwenye ardhi linavyosimuliwa pamoja na watu walioondoshwa na mabwana wenye ardhi. Hawalitaji kama mali, bali hulitaja kama mwenzao: limezaliwa pale, na pale ni kwao.

Uchimbaji ndio uliofanya maneno yao yasiwe hisia tu. Wanaakiolojia walipofukua pembeni mwa kanisa walikuta vibanzi vya jiwe, maelfu kwa maelfu, vingi vyake bado vina alama za mchongo: kipande cha msokoto, pembe ya duara, mguu wa mnyama. Ulikuwa ndio msalaba. Mwashi wa 1676 hakulibeba jiwe kwenda kulifanyia kazi penginepo. Aliuchongoa msalaba palepale, na kila tindo ilipopiga, kibanzi kilianguka miguuni pake na kubaki. Mwaka 2001 kikapatikana hata kipande cha chini cha jiwe, kimesimama wima ardhini kama kilivyoachwa na dhoruba, na sehemu ya msalaba juu yake haijaguswa. Uchimbaji ulionyesha pia kwamba jiwe lilikuwa limekwisha kusimamishwa zaidi ya mara moja kabla ya kuvunjika. Yaani hata kabla ya Duff, vizazi vya watu vilikuwa vimelishughulikia, vimeliinua, na vimelipa mahali upya.

Basi na ipimwe hesabu. Mkono uliofuta uliacha kila ulichokifuta pale ulipokifutia. Mikono iliyoenzi ilichukua kila ilichokienzi na kwenda nacho. Kama mwashi angekuwa mtu wa mapenzi, akaliacha jiwe zima na msalaba wake, hapana shaka lingesafiri zima hadi Invergordon, London na Edinburgh, na kule Hilton pasingebaki kibanzi. Hili halimfanyi mwashi kuwa mwema. Alichokiharibu hakitarudi, na hakuna mtaalamu atakayevipanga vibanzi vyote vikakaa sawasawa. Lakini linamwondolea ile sifa ya kuwa mkosaji peke yake, na linawataka wapenzi wa jiwe wajiulize wao wenyewe walichukua nini.

Kitabu kikubwa kilichotokana na uchimbaji huo kilitoka mwaka 2008, kazi ya Heather James, Isabel Henderson, Sally Foster na Siân Jones. Wameuita uchunguzi wao kuwa ni wasifu wa jiwe, na uamuzi huo ndio ubora wa kitabu. Wasifu haumwachi mtu katika siku ya harusi yake; humfuata mpaka uzeeni, mpaka katika magonjwa na kaburini. Wandishi hawa wamempa Duff ukurasa wake, na kabaila wake, na mwanakijiji wake. Panapopungua ni katika usomaji wa maneno yenyewe ya 1676, ambayo kwao yamebaki zaidi kuwa tukio katika maisha ya jiwe kuliko kuwa utungo wenye sauti.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika kazi nyingine, iliyo nzuri kwa njia yake. Ni nakala iliyochongwa na Barry Grove, ambayo imesimama Hilton tangu mwaka 2000, karibu na mahali pa jiwe la asili. Kwanza ilikuwa na upande wa mawindo. Baada ya uchimbaji kutoa ushahidi, Grove akauchonga na upande wa msalaba, akiufuata ule uliosalia katika kipande cha chini na vibanzi, na kukisia mengineyo kwa elimu ya sanaa ya Wapikti. Ni kazi ya ujasiri. Imekirudishia kijiji kitu cha kusimama mbele yake, upepo wa bahari ukivuma, badala ya ubao wa maelezo. Lakini Duff hayumo. Wake zake watatu hawamo. Nakala imeitengeneza siku ya mwaka 800 na kuiruka miaka yote iliyofuata, kama mhariri anayechapisha utenzi wa kale na kuzifuta beti zilizoongezwa na wanakili, kisha asiseme kwamba amezifuta. Wale wanawake waliopewa idadi bila ya jina, sasa hata idadi wamenyimwa. Mwashi wa 1676 alifuta ili aandike. Nakala imefuta kwa kutoandika, na ufutaji wa aina hii hauachi kibanzi ardhini.

Mgogoro wa kipande cha chini ulikwisha kwa namna isiyotarajiwa katika mambo ya makumbusho. Mjadala wa miliki ulikuwa mkali: wapo walioona kuwa mguu uungane na kiwiliwili huko Edinburgh, na wanakijiji wakashikilia kwamba kilichobaki kibaki. Mwishowe kilibaki. Kimewekwa katika ukumbi wa jamii wa Balintore, kijiji jirani, na vibanzi vikaenda makumbusho. Mtaalamu wa sanaa anaweza kusikitika kwamba kazi moja imegawanyika. Ipo pia namna nyingine ya kuutazama mgawanyo huo. Tangu jiwe lilipoondoshwa katika karne ya 19, hii ni mara ya kwanza ambapo Edinburgh haiwezi kudai kwamba inalo jiwe la Hilton lote, na anayetaka kulisoma hana budi kufika rasini kwenyewe.

Akifika, atakikuta kipande kile ndani ya ukumbi, mahali watu wanapokutana kwa shughuli zao za kila siku. Atauona mguu wa msalaba, sehemu ambayo tindo ya mwaka 1676 haikuifikia kwa kuwa ilikuwa imezama udongoni. Kisha akienda Hilton ataiona nakala, nzima na safi. Na akirudi Edinburgh, akamtazama yule bibi juu ya farasi wake, angalau sasa atajua kwamba nyuma yake, upande ambao vitabu haviuonyeshi, wamo wanawake wengine watatu wanaosubiri kusomwa.